Kamera Iliyochelewa Ngomani

Msafara wa kutoka Unyanyembe, nchi ya Tabora, ulisikika kabla haujaonekana. Mbele alitangulia kiongozi, joho jekundu mwilini na manyoya kichwani, akifuatwa na mpiga ngoma. Nyuma yao ulikuja mstari mrefu wa wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kwenye ncha za pembe za ndovu zilifungwa kengele zilizolia kwa kila hatua. Mmoja alitoa wimbo, wengine wakaitikia. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyeingia Kaze, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, aliijazia shangwe hiyo kurasa nyingi za kitabu chake cha 1860. Burton alikuwa na dharau kubwa kwa watu aliosafiri nao, lakini hata yeye hakuacha kuandika kwamba watu hao, wakishatua mizigo na kupika, walikuwa bado na nguvu za kucheza ngoma kambini.

Ngoma hizo hazikupigwa picha. Wakati ule zisingeweza kupigwa.

Mimi hupiga picha za safari na za muziki, na kila ninapotazama picha za zamani za nchi ya Tabora, Urambo na Nzega nakuta pengo lilelile. Boma lipo, stesheni ipo, watemi waliokaa vitini wapo, wapagazi waliosimamishwa mstari mmoja wapo. Watu wakicheza usiku hawapo. Wenye kamera walikuwa na dharau yao, hilo halina ubishi, lakini dharau peke yake haielezi pengo hili. Kwa miongo mingi kamera ilikuwa nzito mno kufika ngomani, na ikifika, ilikuwa haioni gizani.

Anayetaka kuona uzito huo ulivyomwelemea binadamu na amtazame James Augustus Grant. Alikuwa ofisa wa jeshi kutoka Uskoti, akafika Unguja Agosti 1860 pamoja na John Hanning Speke, njiani kwenda kutafuta chanzo cha Nile. Alikuja na kamera. Picha alizopiga Unguja mwaka huo, pamoja na ile ya soko la watumwa, ni miongoni mwa picha za kale kabisa za Afrika Mashariki tulizonazo.

Kupiga picha siku zile kulikuwa hivi. Kioo kisafi kilimwagiwa kolodioni, dawa nzito iliyoyeyushwa kwa etha, kikainamishwa huku na huku mpaka dawa ienee bila kufanya mikunjo. Kisha mpiga picha aliingia ndani ya kihema cheusi kisichopenya mwanga, akakichovya kioo katika maji ya nitrati ya fedha, akakitoa kikiwa kinatiririka, akakitia kwenye kisanduku chake, akakimbilia kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu. Aliyepigwa alitakiwa atulie kwa sekunde kadhaa. Picha ikishaingia, kioo kilirudishwa hemani kusafishwa kabla hakijakauka, na muda wote wa kazi ulikuwa kama dakika kumi au kumi na tano. Katika joto la pwani etha huruka upesi, na muda huo ukapungua zaidi. Ndani ya kihema, hewa ilikuwa ni mvuke wa dawa. Speke aliandika baadaye kwamba aliona joto la kihema kile litamuua mwenzake, kwa hiyo wakaamua Grant aache kamera achukue kalamu.

Basi Grant alipofika Kaze mwishoni mwa Januari 1861 alikuwa mchoraji. Michoro yake ya rangi za maji imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, na kwa mtu wa magharibi mwa Tanzania ni hazina. Kuna jambo moja ndani ya habari hiyo ambalo sijaona likitiliwa maanani inavyostahili. Kaskazini mwa Kaze, Grant alibaki nyuma kwa muda mrefu katika kijiji cha mtemi Ukulima. Kitabu cha Speke cha 1863 kina mchoro wa Grant huyohuyo akicheza na Ukulima. Mzungu na mtemi, ngomani! Kalamu iliweza kuileta ngoma kwenye karatasi kwa sababu kalamu haihitaji mtu atulie, wala haihitaji jua. Kama kamera ingebaki njiani na Grant, nina hakika tungekuwa na picha ya Ukulima amekaa kitini, ameikazia macho lenzi. Ya ngoma tusingekuwa nayo.

Njia hiyo ya kaskazini, aliyoipita Speke peke yake Julai 1858 akienda kuliona Ziwa Viktoria, ilikatiza nchi ambayo leo ni wilaya za Nzega na Shinyanga. Lusu, kata ya Nzega nitakayoirudia mbele, imo katika nchi hiyo.

Baada ya Grant alikuja mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyefika Tabora Juni 1871 akaweka makao Kwihara. Februari 1872 alirejea hapo kutoka Ujiji akiwa na mmisionari David Livingstone, na tembe walilokaa ni makumbusho mpaka leo. Siku zile za Kwihara hazina picha hata moja. Michoro tunayoiona vitabuni ilichorwa Ulaya. Uso uliotoka Tabora ukapigwa picha ni wa mtoto. Mwaka 1871 Stanley alipewa Tabora kijana mdogo mtumwa aitwaye Ndugu M'hali, akambadilisha jina akamwita Kalulu, akaondoka naye mpaka Uingereza. Mwaka 1872, ndani ya studio huko London, Stanley alisimama katika mavazi yake ya safari na Kalulu akawekwa kando yake na bunduki, na picha hizo zikauzwa kama kumbukumbu za safari. Mtoto aliyekuwa ameiona Unyanyembe kwa macho yake aligeuzwa pambo la Unyanyembe ya kubuni. Alirudi Afrika na Stanley katika safari iliyofuata, akafa maji katika mto Kongo Machi 1877.

Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone waliopita Kwihara mwaka 1873 wakiwa na maiti yake, nao walipigwa picha Uingereza mwaka uliofuata. Tazama jinsi mambo yalivyokuwa: kwa kuwa kamera ilishindwa kwenda kwa watu, watu walipelekwa kwenye kamera.

Huko pwani kazi ya picha ilikuwa imeshakuwa biashara. A. C. Gomes na ndugu Coutinho, wenye asili ya Goa, walikuwa na studio Unguja, na kadi zao za posta zilisafiri dunia nzima. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo wa kamera ulihama kutoka kichwani kwa mpagazi ukapakiwa kwenye behewa. Vioo vikavu vilikuwa vimeshachukua nafasi ya kolodioni. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi ya picha katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki tangu mwanzoni mwa karne ya 20, aliacha maelfu ya picha ambazo sehemu yake imo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, zikiwemo za vita vilivyoipokonya Ujerumani Tabora Septemba 1916. Wamisionari wa Moravian, walioshika kituo cha Urambo tangu mwisho wa karne ya 19, walipiga picha nyingi za Unyamwezi, na huko Herrnhut, Ujerumani, zimetunzwa vizuri. Zina thamani kubwa na nawashukuru waliozitunza. Lakini picha nyingi za wakati ule zimeandikwa kabila la mtu au kazi yake, jina lake halipo. Ngoma ikiwemo, inachezwa mchana, mara nyingi imesimamishwa ili kamera iweze.

Mwaka 1925 kiwanda cha Leitz kilitoa Leica, kamera iliyobuniwa na Oskar Barnack, ndogo ya kuingia mfuko wa koti, inayotumia mkanda wa milimita 35. Hapo ndipo duniani kote picha ya safari na picha ya muziki zilipozaliwa upya. Tabora ilisubiri.

Na hapa pananiuma, kwa sababu Tabora ya miaka ya 1950 mpaka ya 1970 ilikuwa mmoja wa miji mikuu ya muziki wa dansi nchini. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilitoka hapo. Nyanyembe Jazz ilitoka hapo. Tabora Jazz, na mtindo wake wa Segere Matata, ilitoka hapo, na Shem Karenga akaipa nchi nzima wimbo wa "Dada Asha". Radio Tanzania ilirekodi bendi hizi, ndiyo maana sauti zao tunazo. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake akarekodi muziki wa Wanyamwezi pia, na kazi yake imehifadhiwa Afrika Kusini. Katika miaka ya Ujamaa, manju Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo walisikika redioni mpaka watoto wa pwani wakajua mahadhi ya Kinyamwezi. Sikio la taifa lilifanya kazi yake.

Jicho lilibaki nyuma. Picha za bendi za wakati ule ukizipata zinafanana: wanamuziki wamepanga mstari mchana, sare mpya, magitaa yameshikwa kifuani, tarumbeta mkononi, hakuna anayepiga noti. Ni picha nzuri, na hadhi yao inaonekana. Lakini jasho la saa sita za usiku, mpiga besi aliyefumba macho, wanawake waliojazana mbele ya jukwaa, mwanamume aliyevua viatu acheze vizuri, hayo yote yalikwenda na usiku wenyewe. Mkanda ulikuwa ghali, balbu ya flashi iliungua mara moja ikatupwa. Baadaye, uchumi ulipobana mwishoni mwa miaka ya 1970 na vita vya Kagera vikamaliza fedha za kigeni, hata mkanda wenyewe ukawa wa kutafutwa.

Linganisha na Bamako, Mali. Huko mpiga picha Malick Sidibé aliingia katika dansi za vijana na kamera ndogo na flashi, akitoka karamu moja akienda nyingine, kisha akasafisha mikanda na kubandika picha ndogo nje ya studio yake ili vijana waje wajitafute na kuagiza. Picha yake ya mwaka 1963 ya mvulana na msichana wakicheza Krismasi, vichwa vimekaribiana, wote wanatazama miguu, imeingia katika makumbusho ya dunia. Vijana wa Tabora hawakuwazidi wale wa Bamako wala hawakuzidiwa nao. Walikosa tu mtu wa kuwafuata na flashi, au alikuwepo na picha zake zimo kwenye sanduku la mtu.

Kulikuwa na kikwazo kingine, nacho kilikuwa ndani ya mkanda wenyewe. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilipimia rangi zao kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyeupe ikikaa sawa, maabara imeridhika. Ngozi nyeusi ilitoka bila umbo, macho na meno vikielea peke yake. Wazee wetu walipotazama picha zao za harusi na kusema "picha imeungua", mara nyingi kilichoharibika ni kipimo kilichowekwa mbali na wao. Jukwaani, penye taa moja kali na giza pembeni, hali ilikuwa mbaya zaidi.

Ndiyo maana naiona kamera ndogo isiyo na kioo ni tukio la historia kwetu, na silihesabu kuwa suala la wapenda vifaa peke yao. Kamera kubwa za kabla yake zilikuwa na kioo ndani, kinachoakisi taswira kwenda kwenye tundu la kuchungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, shata inafunguka, kioo kinarudi, na unasikika mlio unaojulikana na kila aliyewahi kukaa karibu na mpiga picha wa harusi. Septemba 2008 Panasonic ilitangaza Lumix G1, iliyokiondoa kioo hicho huku ikiendelea kubadilisha lenzi. Olympus ikafuata mwaka 2009, kisha Sony mwaka 2010 na Fujifilm mwaka 2012. Mwili wa G1 ulikuwa na gramu 385. Mzigo mmoja wa mpagazi wa Grant ungebeba kamera kama hizo zaidi ya themanini.

Wepesi ni nusu ya jambo. Kioo kikishaondoka, unachochungulia ni skrini ndogo inayoonyesha picha jinsi itakavyotoka. Kwa mtu anayepiga watu weusi chini ya taa za jukwaa, hili ni kubwa kuliko yote. Kamera ikiliona giza la nyuma huongeza mwanga mpaka paji la uso liungue. Ikiiona taa hupunguza mpaka uso uzame. Zamani ulikisia, ukaenda nyumbani, ukajua kesho. Sasa unaona uso kabla hujabonyeza, unazungusha kidole, unasubiri mwimbaji ageuke, unapiga. Lenzi ya f/1.8, ISO 3200, shata ya 1/200, na mpiga ngoma anatulia mkononi bila flashi ya kumkera. Kipimo sasa kinaanzia kwenye ngozi iliyo mbele yako.

Mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi ni Ngome Kongwe, Unguja, kwenye tamasha la Sauti za Busara lililoanza Februari 2004. Mwimbaji wa taarabu Bi Kidude aliimba hapo mara nyingi kabla ya kufariki Aprili 2013, na picha zake za jukwaani, ngoma kiunoni, mishipa ya shingo imesimama, ni ushahidi wa kile ambacho hatunacho kwa waimbaji wa kizazi kilichomtangulia. Katika taarabu ukimya wa kamera una maana ya pekee. Mtu anapoinuka kwenda kutunza, anatembea na ujumbe wake, wa furaha au wa kijembe, na mlio wa shata mbele ya uso wake humfanya ajikaze. Shata ya kielektroniki haisikiki. Ina hila yake lakini: husoma picha mstari kwa mstari, na taa za LED humetameta kwa kasi isiyoonekana kwa jicho, basi picha hutoka na michirizi kama ya mkeka. Siku hiyo rudi kwenye shata ya kawaida na uvumilie mlio.

Sasa Lusu. Wengi wanaijua kwa dhahabu: mgodi wa Golden Pride wa kampuni ya Resolute ya Australia, ulioanza uzalishaji mwishoni mwa 1998, ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa kufunguliwa nchini baada ya mageuzi ya uchumi, ukachimbwa kwa takriban miaka 15 ukafungwa. Mgodi kama huo hupigwa picha tangu shimo la kwanza, kwa kazi ya kampuni na ya serikali. Ngoma za nchi hiyo, za mavuno na za mashindano ya kiangazi, manju kwa manju, pamoja na za wacheza na nyoka, ziliachiwa wenyeji na simu zao. Simu imefanya kazi kubwa, siibezi. Lakini jua likishazama simu hupiga ukungu, na ikipotea inapotea na ngoma yote.

Mwenye kamera ndogo akienda huko na ajue mambo mawili ya uwanjani. Ngoma ya Kinyamwezi huchezwa kwa miguu, na kiangazi miguu huinua vumbi jekundu linaloingia kila tundu. Kamera isiyo na kioo, ukiitoa lenzi, kitambuzi chake kiko wazi kabisa. Kwa hiyo chagua lenzi moja ungali nyumbani, ya upana wa wastani, uingie nayo na utoke nayo. Upana huo utakulazimisha usogee karibu, na ukisogea karibu itabidi usalimie. Pili, ngoma ina mwenyewe. Mwone manju kabla ya kuanza, mweleze picha zinakwenda wapi, muulize jina lake na majina ya wapigaji wake, uyaandike. Jina ndilo walilokosa wapagazi wa kadi za posta, na kulipata hakuhitaji kifaa chochote.

Kisha chapa picha uwarudishie. Sidibé aliishi kwa hilo, na wachezaji wa Lusu wanastahili hilo.

Nina ombi pia kwa wasiopiga picha. Kama baba yako, mjomba au shangazi aliwahi kupiga gitaa Tabora, kuimba na Kiko Kids, kucheza Nyanyembe Jazz wakiwa jukwaani, au alikuwa tu na kamera ya mkanda na marafiki waliopenda dansi, huenda picha ninazosema hazipo ziko kwenu, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati. Msizitupe wakati wa kugawana vitu vya marehemu. Zigeuzeni, mwandike nyuma kwa penseli ni nani, ni wapi na ni mwaka gani wakati wanaokumbuka wangali hai, kisha mpeleke nakala Makumbusho ya Taifa au Idara ya Habari Maelezo.